Ngumi, Teke na Jeuri ya Mtindo Mmoja

Wiki iliyopita, baada ya mkutano wa tawi moja la Chama kumalizika, palizuka mabishano ambayo hayakuwamo katika ajenda. Kijana mmoja, kuli wa bandarini, ambaye jioni hujifunza ngumi, alisema mbele ya watu wote kwamba mpiga ngumi hodari atamshinda mtu yeyote duniani, awe anajua mateke au hajui. Mwenzake, fundi wa karakana mwenye mkanda mweusi wa karate, akamjibu kwamba ngumi ni nusu ya mwili tu, na nusu ya mwili haiwezi kuushinda mwili mzima. Wazee wakacheka, vijana wakagawanyika pande mbili, na mwenyekiti, ambaye ni mtu wa busara, akaliahirisha shauri kwa kusema liletwe kwa mhariri.

Tumelipokea. Wala si shauri dogo kama linavyoonekana, kwa maana vijana wetu wengi hutumia fedha na jasho lao katika vyumba vya mazoezi baada ya kazi, na kila mwalimu awauziaye mafunzo huwaapia kwamba mtindo wake ndio mwisho wa mitindo yote. Mtu anayemtoza mfanyakazi ada ya mwezi yafaa aulizwe anauza nini.

Bahati njema, mahali pa kulipimia shauri hili papo. Ni ule mchezo wa mapigano mchanganyiko, ambao vijana huuita kwa herufi tatu, MMA. Humo ngumi, mateke, magoti, viwiko, mieleka na kukabana vyote vimeruhusiwa, na mtu hawezi kujificha nyuma ya desturi za chuo chake. Wako ndugu wanaouita ushenzi. Hatutabishana nao leo. Twawakumbusha tu kwamba maneno hayo hayo yalisemwa juu ya ngumi.

Wasomaji wenye umri watakumbuka tarehe 26 Juni, 1976. Siku hiyo Muhammad Ali, akiwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu, alisimama katika ukumbi wa Budokan mjini Tokyo kupambana na Antonio Inoki, mwana mieleka wa Kijapani. Kanuni zilikuwa zimebanwa hata Inoki hakuruhusiwa kupiga teke isipokuwa goti lake moja liwe limegusa sakafu. Inoki akazitii kanuni kwa namna yake: alijilaza chali, na kwa raundi 15 akawa anampiga Ali mateke ya miguu. Bingwa yule, ambaye mikono yake ilikuwa myepesi kama umeme, alirusha makonde machache mno, maana katika maisha yake yote hakuna aliyemfundisha kumpiga mtu aliyelala. Waamuzi wakatoa sare. Watazamaji wakatupa takataka ulingoni. Naye Ali akaondoka na miguu iliyovimba, ikampeleka hospitali.

Watu walilicheka pambano lile, na wengine hulicheka hata leo. Sisi twaona kwamba lilikuwa ni ushahidi mkubwa kuliko yote yaliyosemwa na waalimu wa karate na ngumi kwa miaka hamsini. Lilionyesha kwamba kila mtindo umezaliwa ndani ya kanuni zake. Kanuni zikibadilika, hodari wa jana hurudi darasa la kwanza.

Miaka 17 baadaye, tarehe 12 Novemba, 1993, katika mji wa Denver, Marekani, walikusanywa watu wanane wa mitindo mbalimbali ili ijulikane nani ni nani. Katika pambano la kwanza Gerard Gordeau wa Uholanzi, bingwa wa savate, yaani ngumi na mateke ya Kifaransa, alimpiga teke la uso Teila Tuli, mcheza sumo, hata jino likaruka na vipande vya meno vikabaki mguuni mwa Gordeau mwenyewe. Halikuchukua hata nusu dakika. Art Jimmerson, mpiga ngumi wa kulipwa, aliingia amevaa glavu moja tu, mkono mwingine mtupu. Akabwagwa chini, akakaliwa kifuani, akasalimu amri bila kupiga konde la maana. Aliyewashinda wote, Gordeau akiwa wa mwisho, ni Royce Gracie wa Brazili, kijana mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kuwaangusha watu na kuwakaba kwa jujitsu.

Hapo ndipo wengi walipopotoka. Walisema kwamba zama za ngumi na mateke zimekwisha, kwamba mtu akikamatwa na kubwagwa basi ufundi wake wote wa kupiga huwa ni kama baiskeli baharini. Maneno hayo yalidumu kwa miaka michache. Julai 1997, katika Alabama, Maurice Smith, mpiga ngumi na mateke, alikutana na Mark Coleman, mwana mieleka mwenye nguvu za kutisha, ambaye alikuwa hajapata kushindwa. Coleman alimbwaga kama ilivyotazamiwa. Lakini Smith alikuwa amekwisha kaa na watu wa mieleka, akajifunza namna ya kulala chini bila kuumizwa na namna ya kuinuka. Aliinuka. Coleman akaanza kuhema. Na mtu anayehema mbele ya mpiga mateke ana usiku mrefu. Baada ya dakika 21 waamuzi walimpa Smith ushindi.

Twaomba msomaji alitazame vizuri jambo hili. Mateke ya Smith yalikuwa yale yale aliyokuwa nayo siku zote. Kilichoyafanya yafae ni kitu alichokiazima kwa adui zake.

Sasa tuingie katika kiini cha ubishi, yaani tofauti ya mitindo ya kupiga yenyewe kwa yenyewe. Watu hutazama mikono, kwa sababu mikono ndiyo inayoleta damu. Lakini ukitaka kujua mtu amelelewa katika mtindo gani, mtazame miguu anavyosimama. Mpiga ngumi hukaa na uzito mwingi juu ya mguu wa mbele, huinama, huzungusha kichwa, na hujifunika kwa glavu kubwa. Katika ngumi huo ni ufundi mtupu. Katika mapigano mchanganyiko mguu ule wa mbele ni deni. Haunyanyuki upesi, na kwa hiyo hupigwa teke hata ukafa ganzi; kichwa kinachoinama hukutana na goti linalopanda; na glavu ni ndogo, za kiasi cha gramu 113, ambazo hazimfuniki mtu hata sikio. Mpiga ngumi wa uzito wa juu amezoea glavu zenye uzito zaidi ya mara mbili ya huo.

Mtu wa Muay Thai, yaani ngumi za Kithai, husimama wima, mguu wa mbele mwepesi kama wa korongo, tayari kuunyanyua apokee teke kwa muundi. Yeye hapigi kwa unyayo; hupiga kwa muundi wenyewe, mfupa kwa nyama. Akikukamata shingo kwa mikono miwili, jihurumie. Oktoba 1, 2006 haijafika watu hawakuamini kwamba kushika shingo tu kunaweza kumvua mtu ubingwa. Tarehe 14 ya mwezi huo, mjini Las Vegas, Anderson Silva wa Brazili alimshika hivyo Rich Franklin, akampandishia magoti, na mambo yakaisha katika raundi ya kwanza. Lakini kusimama wima nako kuna gharama. Kiuno kiko juu, na teke la kati likidakwa, mwenye teke amebaki na mguu mmoja mbele ya mtu wa mieleka.

Karate, hasa ya Shotokan, ni jambo jingine. Mashindano yake yalizoea kumsimamisha mtu kila apatapo pointi. Kwa hiyo mwana karate amejifunza kukaa mbali, ubavu mbele, aingie kama mshale na kutoka kabla ya kuguswa. Waalimu wa ngumi waliucheka mtindo huu wakisema ni mchezo wa kugusana. Lyoto Machida aliwanyamazisha. Huyu ni mzaliwa wa Brazili, baba yake ni Yoshizo Machida, mwalimu wa karate aliyehamia huko kutoka Japani. Mbali ile ya karate iliwashinda watu wa mieleka, kwa sababu huwezi kumkamata mtu usiyemfikia. Na Mei 2009 alimwangusha Rashad Evans, akatwaa mkanda wa dunia wa uzito wa kati-juu.

Fundi wetu wa karakana asishangilie mapema. Oktoba ya mwaka ule ule Machida alikutana na Mauricio Rua, Mbrazili mwenzake wa mji wa Curitiba, aliyelelewa katika mateke ya Kithai. Rua hakuhangaika kukifuata kichwa kilichokuwa mbali. Alipiga kilichokuwa karibu: mguu na mbavu, raundi baada ya raundi, kwa raundi tano. Waamuzi walimpa Machida ushindi, na mabishano juu ya hukumu ile hayajakwisha. Mei 2010, mjini Montreal, wakarudiana. Safari hii Rua hakuwaachia waamuzi kazi yoyote. Alimwangusha Machida katika raundi ya kwanza. Mwaka mzima haukupita tangu watu waseme karate imerudi, na ufa wake ukawa umekwisha onekana na kila mtu.

Hata wapiga ngumi wamepata somo hilo la mguu. Conor McGregor wa Ireland, ambaye mwaka 2017 alikwenda kupigana ngumi tupu na Floyd Mayweather akasimamishwa raundi ya kumi, alirudi katika mapigano mchanganyiko akisimama kizito kama mpiga ngumi. Januari 2021, kule Abu Dhabi, Dustin Poirier alimpiga mateke ya chini, si ya paja bali ya shavu la mguu chini ya goti. Raundi ya pili mguu haukumtii tena, na mikono ya Poirier ikamaliza kazi. Teke hilo dogo, lisilopendeza machoni, sasa hufundishwa kila mahali.

Tusije tukaeleweka vibaya kwamba ngumi ni bure. Holly Holm alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za wanawake kabla hajaingia huku. Novemba 2015, mjini Melbourne, alimkabili Ronda Rousey, aliyepata nishani ya shaba ya judo katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na ambaye alikuwa akiwamaliza wanawake wenzake kwa sekunde. Holm alizunguka, akampiga makonde ya moja kwa moja kila alipojaribu kumshika, akamchosha. Kisha, katika raundi ya pili, akamlaza kwa teke la shingoni. Ngumi zilifungua mlango, teke likaingia. Kuli wetu na fundi wetu wote wawili wangeweza kudai ushindi ule, na wote wawili wangekuwa wamekosea.

Hapa najua nitajibiwa kwa methali. Nitaambiwa kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba mtu akichanganya mambo manne hana hata moja. Methali ni njema, lakini hawa wanaitumia vibaya. Machida hakuiacha karate. Aliitia mieleka na jujitsu pembeni yake, na hata siku za mwisho wake ulingoni ungemjua kwa kisimamo chake tangu mbali. Asili ya mpiganaji hubaki katika miguu. Kinachotakiwa ni akubali kwamba asili yake ina tundu, na kwamba mwenye kuliona tundu hilo vizuri ni mtu wa mtindo mwingine. Mwandishi wa maneno haya alifundishwa ngumi na Bradha mmoja wa misheni, mtu mwema sana, aliyetuambia kwamba teke ni la punda. Tulimwamini. Nadhani hakupata kupigwa hata moja.

Ama mfano unaotugusa zaidi ni wa Mwafrika. Francis Ngannou alizaliwa mwaka 1986 Batié, Kameruni, na utotoni alichimba mchanga kwa ujira. Alianza kujifunza ngumi akiwa na miaka 22, akitaka kuwa kama Mike Tyson. Akapita jangwani na baharini, na mwaka 2013 akafika Paris, hana pa kulala. Ni huko alikoambiwa ajaribu mapigano mchanganyiko. Mikono yake ilikuwa mizito kupita kiasi, ikawaangusha watu mmoja baada ya mwingine, hata Januari 2018, mjini Boston, alipokutana na Stipe Miocic.

Miocic alikuwa bingwa wa dunia, na huku bado ni askari wa zimamoto katika Ohio, mfanyakazi kama sisi. Alikuwa amejifunza mieleka tangu shule. Alimbwaga Ngannou, akamlalia, akamwinua, akambwaga tena. Kufikia raundi ya tatu zile ngumi zilizoogopwa na dunia nzima hazikuwa na pumzi ya kuzirusha. Alishindwa kwa pointi, na watu wakasema kwamba Mkameruni amekwisha.

Machi 2021 wakarudiana Las Vegas. Miocic alijaribu kuikamata miguu yake kama zamani. Ngannou akaitupa nyuma, akamlalia kwa kifua, kazi ya mtu aliyekaa muda mrefu na waalimu wa mieleka. Raundi ya pili akamwangusha kwa konde, akawa bingwa. Lakini la kustaajabisha zaidi ni la Januari 2022, katika Anaheim. Mpinzani alikuwa Ciryl Gane wa Ufaransa, fundi wa Muay Thai, ambaye zamani walifanya mazoezi pamoja Paris. Ngannou aliingia na goti lililokatika kano. Raundi mbili za kwanza Gane alimchezea kwa mbali, akimpiga na kuondoka. Ndipo mtu yule, ambaye dunia ilimjua kwa ngumi peke yake, akamkamata Mfaransa na kumbwaga chini, akamlalia, raundi ya tatu, ya nne na ya tano. Waamuzi wote watatu wakampa.

Kisha akaenda kwa wapiga ngumi katika kanuni zao wenyewe. Oktoba 2023, mjini Riyadh, alimwangusha Tyson Fury katika raundi ya tatu, akashindwa kwa pointi baada ya waamuzi kutofautiana. Machi 2024 Anthony Joshua alimlaza raundi ya pili. Wapinzani wake wakacheka. Oktoba mwaka huo huo akarudi katika mapigano mchanganyiko, akamkamata Renan Ferreira miguu, akambwaga, akampiga akiwa chini hata mwamuzi akaingilia, yote katika raundi moja.

Na hapa limo jambo ambalo gazeti la Chama haliwezi kulipita. Mtu anayetakiwa kujua mitindo minne anahitaji waalimu wanne, na waalimu hao hawalipwi na mwenye ulingo. Hulipwa na mpiganaji kutoka katika ujira wake. Kila ufundi mpya una ada yake na majeraha yake. Ngannou, akiwa bado na mkanda kiunoni, aliitaka kampuni ya UFC iwawekee wapiganaji bima ya afya, na awepo mtu wa kuwasemea wapiganaji mbele ya wakubwa. Hakupata. Januari 2023 aliondoka, akauacha ubingwa wa dunia mezani. Wapiganaji wa kampuni hiyo hawana chama cha wafanyakazi. Wenzao wa zamani walifungua kesi mnamo Desemba 2014, wakidai kwamba kampuni ilitumia ukiritimba wake kukandamiza malipo. Kampuni ilikana, lakini mwisho ilikubali kulipa dola milioni 375, na Februari 2025 hakimu aliidhinisha. Zaidi ya miaka kumi! Katika muda huo wapo waliokwisha staafu na viungo vyao vimeharibika.

Basi kijana anayetuuliza mtindo upi ni bora, kabla ya kutoa ada, amuulize mwalimu wake maswali ya kazi. Mguu wangu wa mbele ukipigwa teke nifanye nini? Nikibwagwa, nitainukaje? Je, huruhusu watu wa vyuo vingine waje kutujaribu siku za Jumamosi? Mwalimu akikasirika kwa swali la mwisho, arudishiwe salamu zake na kijana atafute kwingine. Na akitokea mtu mwenye mkataba wa kumpeleka ng'ambo kupigana, karatasi hiyo isitiwe sahihi mpaka isomwe na mtu mwenye kuijua sheria, na mpaka pawe pameandikwa nani atalipa hospitali.

Kuhusu wale ndugu wawili wa tawini, tumeshauri kwamba kila mmoja akafanye mazoezi kwa mwenzake kwa mwezi mmoja. Fundi amekubali. Kuli naye amekubali, ila ameomba kwanza siku mbili za kupumzika, kwa sababu usiku ule ule wa mkutano, nje ya ofisi ya tawi, walijaribiana kidogo, na alikuja kutuona akichechemea mguu wa mbele.